Kilo ya Kahawa Inapotea Wapi?

Kuanzia mwezi wa tatu, ukipita asubuhi katika njia za milima ya Kalehe, utakutana na kina mama wanaoshuka na mifuko mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Wamebeba serizi, ndiyo matunda mekundu ya kahawa yaliyochumwa siku ile ile. Jioni wanasimama kwa mstari mbele ya mizani. Katika mstari ule yuko mama wa kwaya, yuko shemasi, yuko mzee wa parokia. Na mara nyingi yule anayesoma mizani na kuandika katika kaye, naye ni mshiriki wa Kanisa. Siku ya Mungu wote wanaketi kwenye viti vilevile. Kwa hiyo habari ya mizani ni habari yetu, hatuwezi kuwaachia wafanyabiashara peke yao.

Tuanze na hesabu, kwa sababu asiyejua hesabu hii hawezi kujua anaibiwa wapi. Kilo tano hivi za serizi, zikimenywa, zikioshwa na kukaushwa vizuri, zinatoa kilo moja ya parche, yaani kahawa kavu ambayo bado ina ngozi yake nyembamba. Ngozi hiyo ikitolewa mashineni unabaki na kahawa ya kijani, ile inayoingia katika magunia ya kwenda ng'ambo. Kutoka kwenye tunda hadi kwenye kahawa ya kijani, kilo sita au saba zimekuwa moja. Basi mkulima akisikia bei ya kahawa kwenye redio asidhani ndiyo bei ya mfuko wake wa serizi. Lakini pia mnunuzi asitumie hesabu hiyo kama giza la kujificha. Ikiwa bei ya kijani imepanda mara mbili na bei ya serizi imesimama palepale, kuna mtu katikati aliyeficha kitu. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa paundi, uzito wa karibu gramu 454. Ilikuwa haijawahi kufika hapo. Je, katika kijiji chako, ni nani aliyekuambia?

Wengi wetu tunailima kahawa bila kuinywa. Asubuhi nyumba nyingi zinakunywa chai. Hilo si dhambi, bali linaleta shida moja: mkulima hajui ladha ya kitu anachouza, na asiyejua ladha ni rahisi kumdanganya juu ya ubora.

Zamani haikuwa hivi kabisa. Chini ya Wabelgiji kahawa ilikuwa ya plantasio za wakoloni, pamoja na mashamba madogo ya wananchi pembeni. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na plantasio nyingi zikaingia mikononi mwa watu ambao hawakuwa wakulima. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1980 Zaire ilikuwa bado inauza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa robusta. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya mauzo yalivunjika, bei ikaanguka. Ugonjwa wa trakeomikozi ukakausha robusta, na wakulima wa upande wa Beni waliouona mti wenye majani mabichi Jumatatu ukiwa kuni baada ya wiki chache hawajasahau. Halafu vita, kuanzia 1996. Vituo vya kuoshea vikawa magofu. Watu wakaanza kumenya nyumbani kwa mawe, kuanika chini kwenye udongo, na kuuza kwa yeyote aliyefika na pesa mkononi.

Hapo ndipo udanganyifu ulipopata shamba lenye rutuba. Nitaeleza namna zake, na siyo za mnunuzi peke yake.

Mizani inayotumika sana ni ile ya kuning'inia, yenye sprinji ndani. Sprinji ikichoka, au ikichokozwa kwa makusudi, mshale hauanzi kwenye sifuri. Huenda ukasimama chini ya sifuri kilo moja, na hakuna anayeangalia, kwa sababu kila mtu anaangalia mfuko wake unapopandishwa. Baada ya hapo kuna kukata: wanakata kilo ya mfuko, na mfuko wenyewe mtupu hauzidi gramu mia moja au mia mbili. Wanakata kilo ya maji, hata siku ya jua. Ikiwa mshale uko kati ya 18 na 19, karani anaandika 18. Tuseme mama analeta kilo 20 za kweli na kuandikiwa 18. Ni kilo mbili tu, atasema moyoni, nisigombane. Lakini akishuka mara ishirini katika musimu, amepoteza kilo 40 za serizi, ambazo ni kilo nane za parche. Hiyo ni sehemu ya minervali ya mtoto. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawaonyesha wafanyabiashara wanaongoja Sabato ipite upesi ili warudi kwenye mizani yao. Watu wa Mungu wanaijua hila hii tangu siku nyingi.

Sasa tuseme na upande wa pili. Mkulima naye anajua kulowanisha parche usiku ili ipate uzito. Anajua kuweka serizi nyekundu juu na za kijani katikati ya mfuko. Wengine wanatia mawe. Nimesikia mkulima akijitetea hivi: wao wanatuibia kwenye mizani, sisi tunarudisha kwenye mfuko. Ninaelewa hasira yake. Lakini tazama kinachofuata: mnunuzi akijua kwamba mifuko ina mawe, anapunguza bei ya wote kabla hajafungua mfuko hata mmoja, na mama aliyechuma vizuri analipa kosa la jirani. Na parche iliyolowanishwa inaota ukungu. Kahawa inapaswa kukauka mpaka unyevu ubaki karibu asilimia 11 au 12, na kwenye meza za kuanikia hilo linaomba wiki mbili hivi, hata tatu mvua ikisumbua. Lita moja ya maji ya wizi inaweza kuharibu gunia zima.

Kuna jambo moja la kahawa yetu ambalo wasomaji wengi hawajalisikia. Katika Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi kahawa wakati mwingine inashikwa na ladha ya kiazi kibichi. Inahusiana na mdudu anayeitwa antestia, anayetoboa tunda na kufungua mlango kwa bakteria. Punje haionyeshi kitu kwa macho. Lakini punje moja tu inaharibu kikombe kizima, na mwonjaji wa ng'ambo akiikuta anaweza kukataa shehena nzima. Dawa yake inaanzia kwa watu wadogo: kupogoa mti ili mwanga uingie, kuchuma nyekundu tu, kutupa serizi kwenye maji na kuondoa zinazoelea, kisha kuchambua kwa mkono kwenye meza, punje kwa punje. Kazi ya kuchambua karibu pote inafanywa na wanawake. Wanalipwa kwa siku, na mara nyingi ndio wanaolipwa mwisho. Yakobo sura ya 5 ina neno kali juu ya malipo ya wavunaji yaliyozuiliwa, na ningependa wenye vituo walisome kabla ya kufunga kaye za mwezi.

Namna nyingine ya kupoteza kilo haionekani kwenye mizani hata kidogo. Ni mkopo wa maua. Arabika inatoa ua, kisha inangoja miezi saba mpaka tisa hadi tunda kuiva. Masomo yanaanza Septemba. Mavuno makubwa yanaanza Machi. Kati ya hapo hakuna pesa nyumbani. Basi anakuja mtu mwenye pesa, anatazama mti wenye maua, anasema: nitakupa leo thamani ya kilo 50 za serizi, wakati wa mavuno utanipa kilo 100. Kwa miezi sita, faida yake ni sawa na mkopo wenyewe. Mavuno yakiwa mabaya, deni linavuka mwaka, na mwaka wa tatu shamba lenyewe linakwenda.

Tuseme wazi: wakopeshaji hao si wageni wote. Wamo wazee wa makanisa. Wengine wanatoa fungu la kumi kutokana na faida hiyo, na sisi wachungaji tunaipokea na kuiombea. Nehemia alikutana na jambo hili hili katika sura ya 5 ya kitabu chake. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu ili wapate nafaka, na waliokuwa wakiwabana ni ndugu zao wenyewe. Hakungoja mahubiri ya mwaka mpya. Aliita mkutano, akawakemea wakubwa mbele ya watu, akataka mashamba yarudishwe siku ile ile. Ona pia kwamba alikiri kuwa yeye na watu wake walikuwa wamekopesha vilevile. Alianza na nyumba yake.

Mtu atauliza, je, kukopesha kwote ni kosa? Hapana. Mwenye kukopesha anahatarisha pesa yake, na hapa kwetu vita vinaweza kuchukua mavuno kwa usiku mmoja. Faida ya haki ipo. Lakini deni linalohesabiwa kwa kilo za baadaye, bei ikiwa haijajulikana, linamweka mkulima gizani na mkopeshaji kwenye mwanga. Vikundi vya kuweka na kukopa vya kina mama, vile vya kununua hisa kila wiki na kugawana mwisho wa mwaka, vimeonyesha kwamba minervali ya Septemba inaweza kupatikana bila kuuza maua. Kikundi kikipanga kugawana mwishoni mwa Agosti badala ya Noeli, mkopeshaji wa maua anapoteza wateja wengi. Ni badiliko la tarehe tu.

Kisha kuna ziwa. Kwa miaka mingi kahawa ya Kalehe na ya Idjwi ilivuka Ziwa Kivu usiku kwenda Rwanda. Mtumbwi mmoja, mifuko mingi, taa imezimwa ili askari wasione, na upepo wa usiku wa manane juu ya maji ambayo kina chake kinapita mita 480. Katika koperative za kando ya ziwa wamo wajane ambao waume zao hawakurudi kutoka safari hizo. Tuliwazika wale walioonekana.

Je, wale baba walikuwa wezi? Sheria inasema kuvusha mali bila kodi ni kosa, na sitasema kinyume. Lakini tuulize kwa nini mtu anachagua mtumbwi wa usiku. Upande wa pili walimlipa zaidi na papo hapo. Upande huu alikutana na barieri moja baada ya nyingine, kila moja na karatasi yake, nyingine bila karatasi. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji, kama Luka anavyoeleza katika sura ya 3, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kile walichoamriwa. Askari nao aliwaambia waridhike na mshahara wao. Neno hilo ni la kila mtu anayesimama na kamba barabarani, awe wa leta au wa kundi lolote lenye bunduki. Na mali inayovuka kwa siri ina hasara nyingine: inachanganywa na ya wengine, inauzwa kwa jina la nchi nyingine, na mkulima wa Kongo habaki na chochote, hata sifa.

Ndiyo sababu kazi ya koperative ina maana kubwa kuliko bei. SOPACDI ilianza mwaka 2003 upande wa Minova, na Joachim Munganga, kwa kufufua kituo cha kuoshea na kukusanya wakulima wa makabila mbalimbali waliokuwa wametoka kupigana. Mwaka 2011 ikapata cheti cha biashara ya haki. Cheti hicho kina sehemu mbili zinazofaa kueleweka. Kuna bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka. Kwa arabika iliyooshwa ilipandishwa mwaka 2023 kufika dola 1.80 kwa paundi. Na kuna nyongeza ya senti 20 kwa paundi, isiyo ya mkulima mmojammoja wala ya meneja. Ni ya wanachama wote, na mkutano mkuu ndio unaoamua: maji, daraja, shule, au meza za kuanikia.

Mkutano mkuu ndio unaoamua, nimesema. Katika karatasi, ndiyo. Lakini mkutano ambao wanachama hawajaona hesabu ni mkutano wa kupiga makofi. Na katika nyumba nyingi kadi ya mwanachama ina jina la baba, wakati mama ndiye anayepalilia, anayechuma na anayeshusha mfuko. Pesa zikifika, baba anaitwa. Baadhi ya koperative zimeanza kuandikisha wanawake kwa majina yao na kuuza kahawa yao kando, kwa nyongeza yake. Ningetamani kuona makanisa yakisaidia jambo hilo kwa kitu rahisi, yaani kuwafundisha kina mama kusoma kaye ya mizani. Kusoma namba na kuweka jina kunatosha kwa kuanzia.

Juu ya ardhi na maji nitasema kidogo, ingawa yanastahili habari yao yenyewe. Katika kilo 100 za serizi, karibu 40 ni maganda. Kituo kinachomwaga maganda na maji ya kuoshea moja kwa moja mtoni kinayaharibu maji yale: yanakuwa makali, yananuka, yanakosa hewa, samaki wanakufa, na watoto wa chini wanachota humo. Shimo la kuchujia na lundo la mboji vinaomba majembe na siku chache za kazi. Maganda yakioza vizuri yanarudi shambani kama mbolea. Meneja anayesema hana uwezo wa kuchimba shimo, mwulize wapi anachota maji ya nyumbani kwake. Na juu ya misitu, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayokataza kahawa na kakao kutoka kwenye shamba ambalo msitu wake ulikatwa baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanaomba tayari alama za mahali shamba lilipo; kwa shamba dogo lisilozidi hekta 4, alama moja inatosha. Jaribu ni kuandika alama ya shamba la zamani huku kakao inatoka kwenye msitu mpya. Anayeandika uongo huo anahatarisha jina la jimbo zima.

Jambo moja bado linanisumbua. Walawi 19 inaagiza mwenye shamba asivune mpaka ukingoni, awaachie maskini na wageni. Agronomo anatuambia kinyume: usiache tunda hata moja mtini, kwa sababu mdudu anayetoboa punje analala humo na kungoja musimu mwingine. Nilidhani hapa Biblia na kilimo vimegongana, mpaka mama mmoja mjane aliponijibu kwa swali: kwa nini mwenye shamba asituite sisi tuje kumalizia mavuno? Serizi za mwisho ziwe zetu, mti ubaki safi. Sasa hivi akiokota zile zilizobaki anaitwa mwizi. Ni kweli kwamba wizi wa serizi usiku umeongezeka bei ilipopanda, na wakulima wanachuma za kijani kwa kuogopa, na ubora unaanguka. Lakini mwizi wa usiku na mjane wa mchana hawafanani, na siku ya kumalizia mavuno ikitangazwa kanisani, kila mtu atajua nani ni nani.

Turudi kwenye mizani. Wengi wanadhani kuipima kunaomba mtaalamu wa leta. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukueni bidoni ya lita 20, iwekeni tupu kwenye mizani ya duka mnaloliamini, andikeni uzito wake. Ijazeni maji mpaka lita 20 kamili. Kama bidoni tupu ina kilo moja, iliyojaa lazima isome 21, si 19. Katika parokia moja ya kando ya ziwa, kina mama wanaileta kila Jumatatu ya mavuno, kabla ya mfuko wa kwanza kupandishwa. Mwaka ule walipoanza karani alikasirika, akasema wanamtukana. Juma la tatu alinunua mizani nyingine.